Chupa Iliyolala Chini ya Ngazi

Mie sijawahi kuonja mvinyo, na kwa umri niliofikia sitarajii kuanza. Lakini ukinikalisha jikoni ukanipa chai, naweza kukueleza toka mvua ya kwanza mpaka kizibo cha mwisho namna watu wa bonde la Rhône, kusini mwa Ufaransa, wanavyotengeneza mvinyo wao mwekundu, na sitakosea pahala. Wanangu wananicheka. "Mama, you don't even drink," wananiambia, na mie huwajibu kwamba hata mwezini sijafika lakini najua una madoa. Elimu hiyo niliipata kwa mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, katika nyumba ya kupanga kule Saltley, Uingereza, kwa mzee wa Kikongo tuliyemwita Papa Anselme. Wiki iliyopita Faida, binti yake, alinipigia simu asubuhi niko njiani kwenda kazini. "Yaya," akasema, "Papa ametangulia." Nikakaa kwenye kijiukuta cha nyumba ya watu. Akaniacha nilie, naye akalia, kisha nikamsikia akipenga kamasi. "Jumamosi utakuja kutengeneza kachumbari?" akaniuliza. "Imebaki kidogo kule chini ya chupa. Nilikuwa namwekea yeye." Nikamwambia nitakuja, na vitunguu nitakata mwenyewe, asiguse mtu. Tangu hapo mwaka ule wote umenirudia na harufu zake.

Nyumba ilikuwa ya Mama Mwikali, mjane wa Kikamba kutoka Machakos, mlokole wa kuokoka na kuokoka tena. Ilikuwa mojawapo ya zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, ukipiga chafya jirani anakwambia afya. Nyuma yake palikuwa na kiwanda kidogo cha kubonda mabati, na kuanzia asubuhi sakafu ilitetemeka taratibu mpaka ukazoea, ikawa siku za Jumapili ndizo zinazokushtua kwa ukimya. Mie nililala juu, chumba cha nyuma. Mama Mwikali alilala juu, chumba cha mbele, alipoweza kuona nani anaingia na nani anatoka. Papa Anselme alikuwa chini, kwenye kile kilichojengwa kiwe sebule, na kitanda chake kilitazamana na meko ya zamani ya kuotea moto yaliyozibwa kwa ubao. Chumba chenye joto la kweli kilikuwa kimoja tu, jiko, na kwa hiyo maisha yetu yote yalikuwa jikoni. Mchana nilifungasha vipuri kiwandani na jioni nilikwenda chuo. Nikirudi nakuta sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao Papa, juu ya jiko, na Papa kakaa na aproni yake ya kazini bado kiunoni, maana alikuwa akiosha vyungu kwenye mkahawa mmoja kule Kings Heath, na anasema asipokula kwanza hawezi hata kuvua viatu.

Alikuja nyumba ile na begi moja, na chupa moja iliyofungwa ndani ya sweta. Hakuificha. Alisimama mlangoni mbele ya Mama Mwikali akasema kwa ile Swahili yake ya Bukavu: "Mama, niko na chupa moja ya divai. Sitaifungua mu nyumba yako bila ruhusa yako. Iko inangoja mutu." Mama Mwikali akamtazama kwanza yeye, kisha chupa. "Inangoja nani?" Papa akasema inamngoja binti yake. Mama Mwikali hakuwa na mtoto, na kwa neno hilo moyo ukamlainika kabla hajaujua. Akampa nafasi katika stoo ya chini ya ngazi, nyuma ya mashine ya kufyonza vumbi, kando ya gunia la unga wa ugali. Papa akailaza chupa juu ya matambara, ubavu, akafunga mlango polepole.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mama Mwikali aliingia stooni kuchota unga, akaona chupa imelala, akadhani imeanguka, akaisimamisha. Papa akaingia kuitazama, akaikuta imesimama, akailaza. Kesho yake unga tena, chupa tena. Hakuna aliyesema kitu kwa siku kadhaa, kila mmoja akijiambia mwenzake hana adabu. Mwisho Mama Mwikali alilipuka mbele ya chai: "Sasa hii chupa yako ina ugonjwa gani, haiwezi kusimama? Kila siku mimi naiinua, kila siku iko chini. Haki ya Mungu, kama ingekuwa imefunguliwa ningesema imelewa!" Papa alicheka mpaka akashika meza. Ndipo akatueleza kwamba divai lazima ilale, ili kizibo chake kilowe. Kizibo kikikauka kinanywea, hewa inapita, na hewa ndiyo adui. "Hapana kuisimamisha, mama. Uiache ilale." Mama Mwikali akasema amesikia, lakini mkono wake haukusikia. Alikuwa mtu wa kunyoosha vitu, picha ukutani, kola za watu wasiomjua kanisani, na msimu mzima wa baridi aliendelea kuisimamisha chupa ile, kisha anakumbuka akiwa kashafika jikoni na bakuli la unga, anarudi kuilaza huku akinung'unika kwamba pombe ni matata hata ikiwa imefungwa.

Papa hakuwa na hadithi nyingi. Alikuwa na moja, ya shamba la mizabibu alikofanya kazi kule Ufaransa, na aliianza kwa maneno yaleyale: "Kwanza, mvua." Angeyasema akimenya viazi, au sote watatu tunangoja maji yachemke, na mie, Mwislamu wa Unguja niliyefundishwa nisiketi hata meza inayonywewa, nilikaa pale nikasikiliza kama mtoto anavyosikiliza ngano. Kwanza mvua, kwa sababu mwaka ule mvua ilikawia. Mizabibu ya kule haimwagiwi maji, ikaona kiu mpaka mizizi ikatafuta chini kabisa. Shamba lenyewe halina udongo wa kuonekana, ni mawe, mawe ya mviringo kama mikate, yanashika joto la mchana na kuipa mizabibu jioni. Kisha ukavuma upepo mkali wa kaskazini ukakausha kila kitu, zabibu zikabaki ndogondogo na ngozi nene. Wenye shamba jirani walilia kwamba mavuno ni haba. Mwenye shamba lake yeye, mama mmoja mzee wa Kizungu asiyevua kofia, hakulia. Alitafuna punje moja, akatema mbegu, akasema subirini.

"Sikia, mama Zuhura," angeniambia, maana kwao hata msichana ni mama. "Zabibu iko nyeusi, lakini ukiikamua, maji yake iko nyeupe. Nyeupe kabisa! Wekundu wote uko mu ngozi." Basi kama wataka mvinyo mweupe unakamua na kutupa maganda, ila ukiutaka mwekundu, unayaacha maji na maganda yakae pamoja ndani ya pipa kubwa la saruji. Hutii hamira, wala hutii sukari. Baada ya siku chache linaanza lenyewe kuchemka bila moto, maganda yanapanda juu yanakuwa mkate mzito, na lazima mtu ayakandamize yarudi chini kwa mti au kwa miguu, asubuhi na jioni, la sivyo yanaoza. Papa ndiye aliyekuwa akikandamiza. Walimchagua, alisema, kwa sababu siku ya kwanza alipanda bila kufundishwa. Kwao wanakanyaga ndizi hivyohivyo kwa nyasi kupata kasiksi, pombe ya ndizi. "Lakini kasiksi haina subira. Leo unakanyaga, keshokutwa batu banaimba." Divai inakamuliwa ikishapata rangi, inawekwa kwenye mapipa ya mbao, inakaa majira mawili ya baridi kimya, ndipo inaingia chupani. Na ule mwaka unaoandikwa juu ya chupa, alisema, haukuandikwa kwa urembo. Ni mvua na jua lililopita juu ya shamba lile na si jingine. Mwaka mbaya hunywewa haraka. Mwaka mzuri huwa mkali ukiwa mchanga, na mwenye nao huungoja upoe.

Mama Mwikali alikuwa akisikiliza kwa mgongo, yuko kwenye sinki, lakini siku moja Papa aliruka ile sehemu ya kofia na yeye akageuka na sufuria mkononi: "Na yule mama wa kofia je?" Tulimcheka wiki nzima.

Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ulikuwa mwaka aliozaliwa Faida. Papa alikuwa katikati ya mavuno, mkasi mkononi, alipoitwa nyumbani kwa yule mama kupokea simu. Ilikuwa shangazi mtu, kutoka Bukavu: mtoto kazaliwa, msichana. Mavuno mawili baadaye yule mama alimpa chupa ya mvinyo wa mwaka ule, akamwambia ni ya mtoto. Papa hakumwona mtoto yule. Vita vilikuwa vimeshakuja, mama yake Faida akafariki, shangazi akavuka ziwa na yule mtoto wakafika kambini Kigoma, na Papa miaka hiyo yote akiwatafuta kwa simu na kwa watu, mpaka akawapata akiwa tayari yuko Uingereza. Nilipokuwa nahamia nyumba ile, Faida alikuwa anakaribia miaka kumi na nane, na wanasheria walikuwa wamemwambia Papa kwamba akiivuka kabla hajafika, mlango wa kumleta kama mtoto wake utafungwa. Lakini si hilo lililomkondesha. Kilichomkondesha nilikisikia mwenyewe, kwa sababu simu ya nyumba ilikuwa ukumbini na kuta za nyumba zile ni karatasi. Alikuwa akiongea na shangazi, kisha sauti ikashuka: "Umupatie simu Faida. Anakataa? Anakataa tena?" Akagongagonga ukuta kwa kidole. "Basi umuambie, siku alizaliwa, nilijua. Umuambie niko na kitu nitamuonyesha." Akaweka simu, akaja jikoni akakaa mbele ya sahani yake, asiile. Binti yake aliamini kwamba alisahauliwa tangu siku ya kwanza, na Papa alikuwa na shahidi mmoja tu wa kumwonyesha kwamba si kweli, naye ni chupa.

Majira ya kuchipua kibali kikaja. Mama Mwikali akapiga vigelegele mpaka jirani, mama wa Kipakistani, akaja na sahani ya mithai, peremende za kwao, kuuliza nani anaolewa. Papa aliomba ruhusa ya kuifungua chupa mezani siku binti atakapofika. Mama Mwikali akafikiri, akasema Bwana Yesu naye alialikwa harusini, mara moja haitabomoa nyumba. Ndipo tukagundua kwamba katika nyumba ya mlokole, Mwislamu na mtu aliyekaa miaka bila kunywa, hakuna kizibuo. Papa alikuwa kazini zamu mbili, Mama Mwikali akasema yeye akionekana na mtu wa kanisa ananunua kitu kile atahama mji. Nikatumwa mie. Alum Rock Road yote, kwenye maduka yanayouza kila kitu kuanzia sindano hadi kasha la mapambo ya harusi, nilipouliza chuma cha kuzibulia mvinyo muuza duka aliniambia "sister" kwa sauti ya masikitiko mpaka nikataka kutubu. Ikabidi nipande mabasi mawili hadi Kings Heath. Pale High Street nikaingia duka la vyombo na mtandio wangu kichwani, nikakichukua kile chuma cha msokoto, nikakificha kati ya sponji na vibanio vya nguo. Mzungu wa kaunta akakitoa, akakitazama, akanitazama. "For a friend," nikamwambia. Na hilo halikuwa uongo.

Faida alifika Ijumaa, mwembamba, mrefu kuliko baba yake, kavaa koti la kuazimwa. Alimwamkia Papa kwa adabu zote. "Shikamoo, mzee," akasema, vilevile ambavyo ungemwamkia karani wa posta. Papa alikuwa kaweka mikono tayari kumkumbatia, ikabaki hewani, akaishusha akachukua begi. Tulikaa jikoni. Palikuwa na kuku, ndizi za kukaanga, sombe, ugali, na katikati chupa imesimama kwa mara ya kwanza kwa haki yake. Papa alivaa tai. Alipozungusha kizibuo kizibo kilikatika katikati, nusu kikatumbukia ndani, jasho likamtoka, Mama Mwikali akasema taratibu baba. Akamimina bilauri moja, nyekundu ya giza, mpaka mie nikaona kumbe kweli ni nzuri kutazamwa. Akaionja kidogo, akafumba macho, na uso wake ukaniambia kwamba ilikuwa vilevile alivyotumaini. Akamimina ya pili, akaisogeza kwa Faida, akaanza: "Kwanza, mvua. Ile mwaka..."

"Mzee, mimi nimeokoka," Faida akasema. "Sinywi pombe."

"Haiko ya kunywa sana, mwanangu. Uguse tu mudomo. Iko ya mwaka—"

"Miaka yote hii," akasema, akiisukuma bilauri mbali, "miaka yote tuko kambini, kitu ulichonitunzia mimi ni pombe?"

Yarabi. Hata kiwanda kule nyuma nilihisi kimesimama. Papa aliurudisha mvinyo wa bilauri zote mbili ndani ya chupa kwa faneli ya mafuta ya taa ambayo haijawahi kutumika, na kwa kuwa kizibo kimekatika, akafunika mdomo wa chupa kwa kitambaa na kamba. Mama Mwikali akamwambia airudishe stoo. "Hapana," akasema. "Ikae pale," akaiweka rafu ya juu ya jiko la gesi. Alijua anachofanya. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba divai ikishafunguliwa haingoji mtu tena.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Faida alilala chumbani kwangu, akaanza kuniita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa; kwetu yaya ni mwanamke wa kulipwa alee watoto, nikamwambia basi mshahara wangu uko wapi, akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha baba yake mtupu. Na mie alikuwa mtu wa mzaha, kwa Mama Mwikali alikuwa binti, akimsaidia kubeba maua ya kanisani mpaka Winson Green. Kwa baba yake alikuwa mpangaji mwenye adabu. "Mzee, chakula kiko tayari." "Mzee, umepigiwa simu." Papa naye alivimba kwa ukaidi wake, akila mapema, akienda kazini kabla ya wakati. Mchana mmoja nilipokuwa namsuka Faida akaniambia kitu akitazama sakafu. Shangazi yake alimsimulia kwamba alipompigia simu Papa kule Ufaransa kumwambia mtoto kazaliwa, alikata simu. Hakusema hata neno. Alikata tu. "Sasa yaya, mtu wa hivyo unamwita nani?" Vidole vikanisimama kichwani mwake. Mie niliijua hadithi, lakini sehemu hiyo Papa hakuwahi kunisimulia. Alikuwa akifika kwenye simu na kurukia mavuno mawili baadaye. Nikimtetea mtu kwa jambo nisilolijua ningezidi kuharibu. Nikaendelea kusuka, na moyo ukiniuma kwa wote wawili.

Majani yalipoanza kuanguka, Mama Mwikali akachoshwa na vijidudu vinavyozunguka rafu ile. "Leo naimwaga hii kitu. Nimevumilia kama Ayubu." Nilikuwa nimetoka kazini, natia mguu jikoni, na pua yangu ikanisimamisha mlangoni. Harufu ile naijua. Ni ya jikoni kwa bibi yangu Unguja, siku za kutengeneza achari, tembo la mnazi likishakaa juani likachacha likageuka siki. Nikapanda kiti nikaishusha chupa. Nilipofungua kitambaa harufu ikanipiga mpaka machoni, kali, safi, na juu ya mvinyo utando laini umetanda. Nikaguna. "Mama Mwikali, weka chini hiyo ndoo." Nikamvuta pembeni akadhani nimechanganyikiwa.

Kwetu tunafundishwa tangu madrasa kwamba ulevi ukigeuka siki wenyewe, bila mtu kuutia kitu, uharamu wake umeondoka. Lakini nilikuwa mtoto katika mji wa watu, nikaogopa kujiamulia. Nikampigia simu mama yangu. Akanihoji kama polisi. Imegeuka yenyewe? Yenyewe. Hamkutia chumvi, hamkutia mkate? Hatukutia kitu, mama, ilisusiwa tu. "Basi siki hiyo, mwanangu, kula," akasema. "Na hao waliosusiana nao wape."

Nilimngoja Papa arudi. Nilimwekea chupa mezani, akaitazama, akageuza uso. "Imekufa," akasema.

"Haijafa, Papa. Imekuwa siki. Sasa hata mie naweza kuila. Na Mama Mwikali. Na mlokole wako."

Akachovya kidole, akalamba, uso ukamkunjika wote, na yule mzee ambaye hakucheka tangu majira ya kuchipua akacheka hadi akatafuta pa kukaa. "Miaka yote niko naichunga ya mutu moja," akasema akijifuta macho, "kumbe iko ya batu bote."

Jumapili nikapika pilau. Vitunguu vya Alum Rock Road, vile vyekundu, nikavikata vyembamba vya kuona upande wa pili, nikavifikicha kwa chumvi, nikavikosha, nikatia nyanya, pilipili, kotmiri, kisha nikaichuja siki kwa kitambaa cheupe na kuimimina juu. Vitunguu vikageuka rangi ya waridi. Wenyewe walirudi kutoka kanisani na njaa. Faida akachota, akala, akasita, akachota tena. "Yaya, hii umekamulia ndimu gani?" Nikamwambia, si ndimu, muulize Papa, na nikaileta chupa nikaiweka mbele yake, upande wa karatasi ukimtazama. Alikuwa na hakika anaijua. Safari hii aliisoma. Nikaona jicho lake limefika kwenye mwaka, na pale likakaa.

"Huu ni mwaka wangu," akasema.

Papa aliweka kijiko chini. Alisafisha koo. "Kwanza, mvua," akasema, na hakuna aliyemkatiza. Akapita kwenye mawe, kwenye upepo, kwenye kofia, Mama Mwikali akitikisa kichwa kila mahali panapostahili. Akafika kwenye simu, akataka kuruka.

"Ulikata," Faida akasema.

Papa akatazama mikono yake. "Nilikata. Sauti haikutoka. Nililia mbele ya ule mama, mbele ya batu ba kazi, nikasikia haya, nikaweka simu chini nipate sauti. Nilipoipata, nikapiga. Laini haikuingia. Kesho nikapiga, haikuingia. Vita ilikuwa imefika kwenu." Akagusa chupa. "Kwa hiyo nilirudia mu pipa, nikakanyaga. Ile yote nilitaka kukuambia, nilikanyagia mle."

Mie nilikuwa nalia hadharani, sikujificha, na Mama Mwikali alikuwa akikunjua kitambaa cha meza na kukikunja. Faida hakulia. Aliyasoma tena maandishi ya chupa hadi pilau ikapoa. Kisha akanyoosha mkono, akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtoto aliye kwao: "Papa, sogeza bakuli." Papa akalisogeza. Lilikuwa karibu naye kuliko kitu chochote, na bado ilimchukua muda kulipata.

Tangu mwaka ule, kila siku ya kumbukumbu ya kufika kwake Faida alitia kijiko kimoja cha siki ile kwenye kachumbari, mie nikiwepo au nisiwepo. Nilihama, nikaolewa, nikapata nyumba Kings Heath, nao wakahamia Winson Green, karibu na kanisa lao, mtaa wa nyuma ya ukuta wa jela. Kijiko kimoja kila mwaka si kitu, lakini na chupa nayo si kisima. Jumamosi hii nilikata vitunguu kwenye ukumbi wa kanisa, mama wa Kikongo wakiniimbia kichwani, sufuria za wali zimejaa mlangoni. Faida akaniletea ile chupa, karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Nikaigeuza nikangoja. Ikatoka kidogo, ikakatika, ikatoka tone, nikaitikisa, ikawa imekwisha. Nikachanganya kwa mkono wangu.

Wajukuu wa Papa walikaa mstari wa mbele. Mdogo alionja akakunja uso, akauliza, "What is it?" Wote wanajua Swahili, ila hawajibu kwa Swahili hata uwachape. Faida alikuwa kaitwa kusimama kusema machache juu ya marehemu, na alikuwa kashika karatasi ambayo alikuwa kaiandaa. Akamtazama mtoto, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Kwanza, mvua," akasema. Ukumbi mzima ukanyamaza, wasiojua wakidhani ni sala. Akaisimulia yote, na kwenye yule mama wa Kizungu alisahau kofia. Nilifungua mdomo, lakini sauti ikatoka viti vya nyuma, ya kizee, ya Machakos: "Na kofia je?" Watu wakacheka katikati ya msiba, na Faida akairudisha kofia mahali pake.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, sisi watatu, sawa na zamani. Mama Mwikali sasa anatembea kwa mkongojo na haoni vizuri, lakini bado ananyoosha kila anachokipita. Alinyoosha kifuniko cha kiti, akanyoosha kola ya mchungaji. Akafika kwenye meza yetu, akaikuta chupa tupu, imesimama kati ya sahani. Akaegemeza mkongojo ukutani. Akaishika kwa mikono yote miwili, akatandika kitambaa chini yake, na akailaza.